Jicho la Mama Refa

Kiwandani petu mashine yangu na ya Mama Refa zilitazamana. Mimi nilishona mifuko ya magodoro madogo, yeye ya makubwa, na vumbi la sponji lilituingia sote puani, kwenye nyusi, mpaka kwenye chai. Ukikutana na mtu jioni ana mvi ambazo asubuhi hakuwa nazo, jua anafanya kazi kwetu. Nilijua mambo yake kuliko ya ndugu zangu wa tumbo moja, maana mashine zikinguruma huwezi kumnong'oneza mtu. Siri zote tulipeana kwa kupiga kelele.

Jina la Mama Refa alilipata uwanjani. Siku moja mwamuzi alisimamisha mchezo, akamnyooshea kidole jukwaani, akamwambia, "Mama, kaa chini." Naye akajibu, "Nikae mara ngapi? Wewe ndiye umekaa tangu mchezo uanze!" Ukumbi mzima ukacheka, mwamuzi mwenyewe akacheka, na jina likamganda.

Mimi mpira wa kikapu nilikuwa siujui. Kwangu ulikuwa ni watu warefu wanaogombania kutumbukiza kitu kwenye kikapu kisicho na kitako. Kikiingia kinadondoka, wanaanza upya. Nilimwambia hivyo, akazima mashine yake kabisa.

"Na sisi je, mwenzangu? Tunashona godoro, linaondoka, tunaanza upya."

Jumamosi ile akanikokota kwenda kwenye mechi, na tangu siku hiyo nikawa jirani yake jukwaani kama nilivyokuwa jirani yake kazini.

Mumewe hakufa. Alikwenda kutafuta kazi, na inaelekea bado anaitafuta. Mabinti watatu walikwisha olewa, kila mmoja na mji wake. Aliyebaki nyumbani ni wa mwisho, mvulana, tuliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo. Mama Refa alikuwa ameucheza mchezo huu akiwa msichana wa shule, mpaka kifundo cha mguu kilipomkataa. Basi mtoto alipoanza tu kusimama dede, alichukua pete ya chuma ya pipa, akamwomba fundi wa kuchomelea aiwekee vishikio, akaipigilia ukutani nyuma ya nyumba. Majirani waliteta kwamba amechanganyikiwa, anaanika nini huko juu. Lakini miaka yote ile, ukipita uchochoroni kwake wakati wa alasiri, ungesikia mpira unadunda na mama anakosoa kwa dirisha la jikoni: "Kiwiko, mwanangu! Kiwiko ndani!"

Klabu ya mji wetu ilikuwa na timu kubwa, ile inayolipwa, na chini yake timu ya vijana. Kitinda alichezea vijana pamoja na rafiki zake wawili wa kufa na kuzikana. Mmoja aliitwa Kisu, kwa jinsi alivyokata katikati ya watu na mpira mkononi. Wa pili aliitwa Mlingoti, ambaye mlangoni aliinama na bado akajigonga. Mazoezi yakiisha walikuja wote watatu kwa Mama Refa, wakavua viatu vyao vikubwa vikajaa ukumbini, wakala mpaka ukoko.

"Hawa si watoto," aniambie kwa kelele kushinda mashine. "Hawa ni wakaguzi wa masufuria."

Alilalamika, lakini ukimtazama usoni ungeona mtu aliyeshiba kwa kulisha.

Mlingoti alicheza chini ya kikapu. Kisu na Kitinda walikuwa na kazi moja: kuleta mpira mbele, kutazama nani yuko wazi, kuwagawia wenzao. Timu humhitaji mmoja wa kazi hiyo, na msaidizi wake. Basi marafiki wale wawili walikuwa wakigombea kiti kimoja tangu utotoni, bila wao kukitazama sana kile kiti.

Kisha wachezaji wakongwe wa timu kubwa wakaanza kuondoka, mmoja huku mwingine kule, wakifuata klabu zenye nguvu. Uongozi ukaamua kupandisha vijana. Kocha aliwaita ofisini kila mmoja peke yake. Mlingoti alitoka akicheka. Kisu alitoka akirukaruka. Kitinda alitoka, akainama akafunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa, akaenda nyumbani kwa miguu.

"Wamesema hapana," alimwambia mama yake. Akaingia chumbani, akalala akaelekea ukuta.

Mtu akikwambia kijana amelala ameelekea ukuta unadhani ni siku mbili tatu, atazinduka. Huyu alikaa hivyo msimu ukaanza, mvua zikaja, zikaisha. Aliamka kula kidogo na kuoga kwa kulazimishwa. Kisu na Mlingoti walikuja kubisha hodi. Aliwasikia, akavuta shuka. Wakaja tena, mwisho wakaacha. Jina la klabu likawa halitajwi nyumba ile. Redio ikizungumzia michezo, mama alikimbia kuizima huku mikono ina unga. Mpira ulikaa chini ya kitanda ukapungua upepo pole pole. Majirani wakimuuliza Mama Refa kama kijana anaumwa, alisema anapumzika. "Anapumzika kutokana na nini?" mmoja aliuliza, na Mama Refa hakumsalimia tena.

Na bado alikwenda kwenye mechi. Kila Jumamosi alimwambia mwanawe kwamba kiwandani kuna kazi ya ziada. Kiwanda chetu hakijawahi kuwa na kazi Jumamosi tangu kijengwe, lakini mimi nilipita kumchukua nimevaa gauni la kazini, na kwa mlango wa chumba nikasema, "Kitinda mwanangu, tunakwenda kumenyeka." Mgongo ule haukujibu.

Sasa nikwambie alivyowatazama vijana wale, maana nimekaa karibu na mashabiki wengi na sijaona mwingine kama yeye. Watu walitazama mpira. Yeye aliwatazama watoto.

"Muone Mlingoti, ameshika kaptura kwa mikono miwili. Akiishika mapema hivi, robo ya mwisho hatakuwepo. Nani anampa chakula huyu siku hizi?" Au: "Yule mpya anaogopa kwenda kushoto. Kuna mtu alimcheka alipokuwa mdogo, si bure." Au aliguna tu, kabla ya kosa kutokea, na kosa likatokea.

Timu ilipigwa vibaya. Mkubwa wao alikuwa na miaka ishirini na mbili, na upande wa pili walisimama wanaume wenye ndevu na watoto shuleni. Walisukumwa kama mapazia. Walianza vizuri, wakakimbia kama ndama waliofunguliwa, kisha likitokea kosa moja wote watano walitazamana, na ukiwaona wanatazamana hivyo ujue mechi imekwisha. Mashabiki walianza kuwazomea. "Rudini mkanyonye!" alipiga kelele mtu mmoja nyuma yetu.

Mama Refa aligeuka mzima mzima. "Anayetaka kunyonya ni wewe, unayelilia ushindi wa jasho la wenzako!" Halafu akageukia uwanjani, akaweka mikono kinywani: "Mnaweza! Wanangu, mnaweza!"

Hawakuweza. Lakini niliona Kisu akiitafuta ile sauti jukwaani, akamwona, akagusa kifua. Na Mama Refa, badala ya kumpungia, akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Nampenda, mwenzangu, Mungu shahidi wangu," aliniambia tukirudi. "Lakini nikimwona yeye, namwona na yule asiyekuwepo ubavuni pake. Kila akifunga, kuna kitu kinanikwaruza hapa."

"Basi usije. Umelazimishwa na nani?"

"Nisipokuja nitakaa nyumbani niutazame ule mgongo."

Ikaja Jumamosi ambayo timu yetu ilikuwa inaongoza. Sisi wenyewe tuliutazama ubao wa pointi kana kwamba umeharibika. Kisu alikuwa amewasha moto. Kila alikopita watu walibaki wameshika hewa. Robo ya tatu akapenya katikati, akaruka, akauacha mpira ukazunguka kwenye pete ukaingia. Akatua juu ya mguu wa mtu. Goti lilikwenda upande ambao goti haliendi.

Nilisikia mlio. Nilidhani kiti kimevunjika.

Ukumbi ukanyamaza, akabaki yeye tu analia chini. Mlingoti alikuwa anazunguka zunguka mikono kichwani kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Wakaleta machela. Nilipogeuka, Mama Refa alikuwa amesimama wima, viganja vimefunika kinywa, macho yamemtoka. Kisha akapenya katikati ya magoti ya watu akashuka ngazi mbio.

Nilimkuta chooni, ameshika sinki kwa mikono miwili.

"Unajua kilichonijia kwanza?" akauliza bila kunitazama. "Kabla ya pole, kabla ya yote?"

"Nini?"

"Nafasi imepatikana." Akarudia, kana kwamba anamsema mtu mwingine. "Mtoto niliyemlisha kwa mkono wangu anagaagaa chini, na moyo wangu unasema nafasi imepatikana. Mimi ni mtu wa namna gani?"

Nilifungua bomba nikamnawisha uso.

Ungedhani baada ya hapo angelifukuza lile wazo. Lakini wazo la namna hiyo ni kama paka wa jirani: ukishampa mlango mara moja, kesho unamkuta kitandani. Siku ya mazoezi yao iliyofuata aliniomba nimsindikize kwa kocha. Nilimwambia si vizuri, jeraha la Kisu bado bichi. Akasema, "Mwanangu anakufa, naye hana hata jeraha la kuonyesha." Nikavaa viatu.

Ofisi ya kocha ilikuwa stoo ya mipira yenye dawati. Alikuwa mtu mzima, mpole, na macho yake yalionyesha hajalala. Alituamkia, akatuondolea jezi chafu kwenye viti.

"Shikamoo, mama. Najua umekuja kwa ajili ya Kisu. Tumetoka hospitali sasa hivi."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya Kitinda," alisema Mama Refa. Ikamtoka yote mara moja, bila nukta: kwamba kijana bado yuko imara, kwamba anaijua michezo yote ya timu, kwamba amelala ndani kama mgonjwa, kwamba mchukue hata akae benchi, mpe jezi tu aivae, ukimpa jezi atainuka. Nilimwona mwanamke aliyewajibu waamuzi mbele ya halaiki amekunja mikono mapajani akiomba kama mtoto.

Kocha alimwacha amalize.

"Mama, nafasi ile nimeshaijaza. Nimempandisha kijana mwingine kutoka timu ya vijana."

"Yupi?"

"Yule wa mkono wa kushoto."

Hapo ndipo nilipomwona Mama Refa akinywea. Alifungua kinywa abishane, kikafumba chenyewe. Akasema kwa sauti ndogo, "Huyo ni mzuri."

"Ni mzuri, mama."

"Anaona pasi kabla haijakuwepo."

"Ndiyo."

Akainuka, akamshukuru, tukaondoka. Tulitembea mpaka kwenye kona ya kwao. "Afadhali angekuwa mjinga yule kocha," alisema. "Ningekuwa na mtu wa kumchukia."

Wakati huo huo kipande cha video cha goti la Kisu kilikuwa kimeenea kwenye simu za mji mzima. Watu ni watu. Waliogopa kukitazama, wakakitazama, wakamtumia mwingine. Na kilipigwa kutoka upande wa pili wa uwanja, kwa hiyo nyuma ya Kisu anayeanguka lilionekana jukwaa letu. Mtu yeyote angeweza kumwona mwanamke mwenye kitambaa cha bluu akiinuka na kufunika kinywa.

Kitinda alitumiwa na binamu yake. Hakuwa ameshika simu kwa muda mrefu, lakini siku ile aliishika.

Mama Refa alinieleza kesho yake, wakati wa mapumziko, mashine zimezimwa. Tulikaa nyuma ya marobota ya sponji. Alisema alimkuta mwanawe ameketi jikoni, amevaa shati, amechana nywele. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Kisha akaiona simu mezani.

"Kazi ya ziada, mama?"

Akajaribu kueleza. Kijana akainua mkono taratibu.

"Sikasiriki kwa hilo. Nataka kukuuliza kitu kingine. Wewe unaujua mchezo. Watu wote wanasema una jicho, ukisema huyu atafika anafika, ukisema huyu hafiki hafiki. Mimi hujawahi kunisema. Miaka yote unaniambia kiwiko, miguu, kichwa juu. Hujawahi kuniambia kama nitafika." Akamtazama. "Nilikuwa naweza, mama?"

"Nikamwambia ale kwanza," Mama Refa alinisimulia. "Akasema, nijibu. Nikamwambia mwanangu, mambo ya bahati haya, kocha naye ni binadamu. Akasema, mama, kila mtu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi ndani humu naoza. Nikipata jibu moja la kweli labda nitainuka. Nijibu."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia hapana. Nikamwambia ulikuwa mzuri, mwanangu, lakini Kisu alikuzidi hatua, na hatua ile haifundishwi."

Nilimwona akikwaruza vumbi la sponji kwenye goti lake.

"Akaniuliza nilijua tangu lini. Ningeweza kudanganya hapo, mwenzangu. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema kweli, na ulimi ukawa hausimami. Nikamwambia tangu walipokuwa na miaka kumi na minne. Akasema, na ukaniacha nitupe mpira kwenye ule ukuta miaka yote? Nikamwambia ulikuwa unacheka, baba. Sijawahi kukuona unacheka vile mahali pengine popote. Ningekuondoaje?"

"Akasemaje?"

"Aliosha kikombe chake, akakifunika. Asubuhi nilipoamka kitanda kilikuwa kimetandikwa."

Mwanzoni alidhani ametoka kunyoosha miguu. Jioni ikaja. Kesho ikaja, ikapita. Simu yake aliiacha chumbani, imezimwa, juu ya shuka. Hapo ndipo roho ilipotuhama sote wawili. Msimamizi wetu alituruhusu tuondoke kazini. Alipomwona uso hakuuliza sababu. Tulikwenda kituo cha mabasi tukauliza makondakta. Tulikwenda darajani. Sikutaka kwenda darajani na yeye hakutaka, tukajikuta tumefika, tukatazama chini kwenye yale maji ya rangi ya chai, kila mmoja akijifanya anatazama kitu kingine. Alimpigia binti mmoja, akampigia wa pili na wa tatu; walilia kwenye simu, yeye akawabembeleza. Tulipita polisi. Tulikwenda hospitali tukauliza kama ameletwa kijana mrefu asiyejulikana, na karani akatuuliza, "Aliye hai au?" Mama Refa akamjibu, "Yeyote." Nilimshika kiwiko.

Hakuwepo kokote. Karani alipofunga kitabu chake, Mama Refa akakumbuka kwamba Kisu amelazwa juu, wodi ya mifupa. Tangu aumie hakuwa amekwenda kumwona. Alisema hana uso wa kumtazama. Sasa alipanda ngazi kama mtu anayekwenda kuhukumiwa.

Kisu alikuwa amelala mguu umeinuliwa, umefungwa mpaka paja. Alikuwa amekonda. Nje ya uwanja niliona jinsi alivyo mdogo, shavu lile bado lina utoto.

"Mama," akasema, akaanza kulia. "Nilijua utakuja. Kitinda alisema utakuja."

Mama Refa alishika chuma cha kitanda. "Lini? Alisema lini?"

"Juzi. Alikuja asubuhi na begi. Alikaa hapo ulipo. Hakusema sana. Aliona kucha zangu za miguu zimerefuka, akaazima mkasi kwa nesi, akanikata. Nikamwambia nisamehe. Akaniuliza nikusamehe nini, kuruka juu?"

"Alikwenda wapi?"

"Hakusema. Alisema tu nisiharakishe kurudi." Kisu akajipangusa kwa shuka. "Lakini daktari leo amesema huenda nisirudi kabisa, mama. Amesema nitatembea. Amelisema kama habari njema. Ninamwonea wivu Kitinda. Yeye waliomkataa ni watu, mimi ni goti langu."

Mama Refa alimkumbatia kichwa, akakilaza kifuani, na wote wawili wakalia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuza nyuso. Mimi nilitazama dirishani. Kuna mambo ukiyatazama unajiona mwizi.

Simu ya mjomba ilikuja kesho yake. Mjomba, kaka yake Mama Refa, alikuwa fundi rangi katika mji mwingine, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu.

"Dada, yuko kwangu. Alinikataza nisikupigie. Nimeshindwa."

"Yu hai?"

"Anapaka dari. Hatumii ngazi." Huo ulikuwa mzaha wake. Aliposikia dada yake hacheki, akakohoa. "Anakula. Hasemi. Mwache kwanza."

Hakumwacha. Nani angeweza? Siku ya mapumziko tulipanda basi, tukashuka, tukaulizia jengo. Lilikuwa jengo jipya la maofisi lisilo na madirisha bado. Kitinda alikuwa kwenye jukwaa la mbao, brashi mkononi, nyusi zimejaa rangi nyeupe. Alituona, akamaliza kipande alichokuwa anapaka, ndipo akashuka. Alituamkia kwa adabu, akatuletea ndoo mbili tukalie, akatuletea maji.

"Rudi nyumbani, baba," alisema mama yake.

"Hapana."

"Nimekukosea. Nisamehe."

"Sijui nikusamehe lipi, mama. Ulisema kweli, niliomba mwenyewe." Alikuwa anajipangusa vidole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kimoja kimoja. "Lakini nikikutazama naona umesimama dirishani unaniambia kiwiko, na unajua. Kila siku unajua. Nikilala naona hilo."

"Nilikuwa nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kuja."

Mama Refa akamwambia basi ataacha kwenda kwenye mechi, hatazungumza habari za mpira maisha yake yote, ataing'oa ile pete ukutani kwa mkono wake. Kijana akatikisa kichwa.

"Usiache. Nenda. Wale watoto wanakuhitaji." Na hapo, sijui kama alikusudia kumchoma au lilimponyoka tu, akasema, "Huko ndiko unakosema uongo vizuri. Mnaweza, mnaweza."

Akarudi juu kwenye mbao zake. Mjomba alitusindikiza mpaka kituoni akikohoa. Ndani ya basi Mama Refa alikaa dirishani, wala hakulia, na mimi nilitamani alie.

Pete aliing'oa, ingawa hakuambiwa. Ukuta ukabaki na matundu manne na doa la mviringo pale mpira ulipokuwa unagonga.

Aliendelea kuja kwenye mechi. Ilibaki michezo michache, na timu ilihitaji kushinda yote isishuke daraja. Mlingoti alikuwa amebaki peke yake kati ya wale watatu. Yule wa mkono wa kushoto alicheza vizuri mno, hata mimi niliona. Lakini mmoja hajengi nyumba. Mama Refa alikaa mikono kwenye mkoba, midomo imefumba. Waamuzi walikosea, akawaacha. Mtu wa nyuma alizomea, akamwacha. Watu walianza kuulizana kama anaumwa.

Mechi ya mwisho, robo ya nne, tulikuwa tumeachwa mbali. Watu walikuwa wanainuka wanakwenda zao, viti vinagonga nyuma yao. Kocha akaomba mapumziko. Vijana walikwenda pembeni wakiburuta miguu, na nikamwona Mlingoti ameshika kaptura kwa mikono miwili, akageuza kichwa, akalitazama jukwaa letu. Kisha yule wa kushoto naye akatazama. Wakawa wote wanatazama, watoto watano warefu waliolowa jasho, wanangoja.

Mama Refa alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akanigeukia, na macho yale sitaki kuyaona tena kwa mtu ninayempenda.

Basi nikasimama mimi. Mimi nisiyejua hata mchezo unakwisha lini. Niliweka mikono kinywani kama alivyokuwa akifanya, nikapiga kelele, "Chezeni tu! Chezeni tu, wanangu! Tupo!" Sauti yangu ilipasuka. Watu wawili watatu wakacheka. Mwamuzi alikuwa tayari amepuliza filimbi, na nadhani nilikuwa nimemkatiza mtu wa upande wa pili anayejiandaa kurusha, maana walinikunjia nyuso.

Walicheza. Walifungwa. Timu ikashuka daraja, na kabla ya msimu mpya klabu ikawauza Mlingoti na yule wa kushoto, waliobaki wakatawanyika. Kisu anatembea kwa fimbo, anauza vocha karibu na hospitali, na Mama Refa humpelekea chakula. Kitinda bado yuko kwa mjomba. Hupiga simu siku za sikukuu, anauliza hali, anamuuliza mama yake kifua chake na vumbi la kiwandani. Hukata simu kabla maneno hayajaisha.

Kiwandani tunatazamana kama zamani. Juzi nilimpigia kelele juu ya mashine kwamba klabu inatafuta vijana wapya, kuna majaribio wiki ijayo, twende tukatazame.

Akasema, "Nenda wewe, mwenzangu. Wewe huoni kitu."

Akainama akashona.